Ukungu wa Risasi

Tulijenga kilimani kwa sababu ya hewa. Mume wangu alikulia Kigera, Musoma mjini, katika nyumba ambayo jiko la mkaa lilikaa mlangoni mwa chumba cha kulala, na kifua kilikuwa kikimbana tangu utotoni. Tulipopata kiwanja juu ya Bunda, pale njia ya gari inapokoma na kubaki ya mbuzi, alipanda juu ya jiwe, akavuta pumzi ndefu, akacheka peke yake.

"Hapa watoto wetu hawatakohoa," alisema.

Nilimwamini. Nani angeogopa kilima?

Maji ya bomba hayakupanda hadi kwetu. Mume wangu akazungushia bati mifereji, akaweka tenki jeusi la plastiki juu ya msingi wa mawe aliyoyapanga kwa mikono yake. Mgeni akija alipelekwa kwanza kwenye tenki ndipo akaribishwe kiti. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tuliipokea kama ndugu aliyekuwa safarini. Tulitoka na ndoo, sufuria, hata mabakuli, hatukutaka tone lipotee. Na mvua ilipochelewa kilima hakikutunyima kabisa. Kuna alfajiri ambazo ukungu ulipanda kutoka upande wa ziwa ukaja kukaa juu yetu, mzito, huoni hata choo, na bati likaanza kudondosha maji bila wingu kupasuka. Jirani yangu, mama mmoja aliyeishi hatua chache juu ya kwetu, alikuwa akisema, "Watu wa chini wanalipaga bili. Sisi Mungu anatuchoteaga mwenyewe."

Binti yetu alipenda sana asubuhi za namna hiyo. Alitoka nje bila viatu, akasimama chini ya ukingo wa bati, kinywa wazi, akingoja tone limwangukie kwenye ulimi. Kisha alipita kwenye matembele na kulamba umande kwenye majani. Nilimkemea kwa sababu ya baridi. Sikuwa na sababu nyingine ya kumkemea. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, aliyeongea mapema kuliko watoto wote wa ukoo wetu. Alikuwa akiwapigia mbuzi hotuba, akiwaeleza baba yuko wapi na atarudi lini.

Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa kule Guta. Mwezi ukiwa gizani alikaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na wenzake, mbalamwezi ikirudi naye alirudi nyumbani, kwa kuwa dagaa hufuata taa za wavuvi pale tu palipo na giza. Kila alipokwenda kazini alipitia kwa mzee mmoja chini ya kilima kununua risasi. Nasema risasi zile za nyavu, vipande vya madini mazito vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Mzee huyo alikuwa fundi, Mwislamu mcha Mungu, babu yake alikuja zamani kutoka pwani na biashara akaoa hapahapa. Alikusanya betri za magari zilizokufa, akazipasua, akayeyusha risasi iliyokuwa ndani kwenye tanuru lake, akaimimina kwenye vikalibu vya kuipa umbo. Wavuvi wote wa upande wetu walimtegemea. Nilipojifungua binti yangu, ndiye mtu wa kwanza asiye ndugu kuniletea khanga na sukari.

Mwanzoni alikuwa akichoma mchana. Watu wa chini wakalalamika kwamba moshi unawaingilia kwenye chakula na kuwawasha macho. Mzee hakubishana nao. Akasema basi atachoma alfajiri, akitoka kuswali, watu wakiwa bado wamelala. Ikawa hivyo. Watu wakamshukuru, na mimi nilimshukuru, maana mchana hatukuuona tena ule moshi.

Alfajiri ndio wakati wa ukungu. Hilo nalijua leo.

Binti yangu alianza kwa kukataa chakula. Tumbo likamuuma, akawa anajikunja na kulishika kwa mikono miwili, na choo kikawa hakitoki. Zahanati wakasema minyoo. Tukampa dawa ya minyoo. Baadaye wakasema malaria, kisha taifodi, kisha wakasema hana damu ya kutosha. Muuguzi mmoja, mwanamke mpole, akanishauri, "Mama, mpe mboga za majani kwa wingi, na maji mengi anywe." Nikarudi kilimani nikafanya kama nilivyoelekezwa. Nilichuma mchicha na matembele asubuhi na mapema, yangali na umande, nikapika, nikamlazimisha. Nilimpa maji ya tenki kwa kikombe, moja baada ya jingine, nikimsifia kila anapomeza.

Hali ikazidi. Akawa na hasira ambazo hazikuwa zake. Aliwauma wenzake. Kisha maneno yakaanza kupungua. Sijui namna ya kulieleza jambo hili kwa mtu ambaye hajaliona. Mtoto aliyekuwa akisema "mbuzi mweusi amekula khanga ya mama" alianza kusema "mbuzi khanga," halafu "mbuzi," halafu akawa anaonyesha kwa kidole. Nilimshika mashavu nikamwambia, "Sema, mwanangu, sema kama zamani." Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani, akaanza kulia.

Wakati huohuo mtoto wa jirani yangu yule wa juu, mdogo kuliko wangu, alifariki. Alitapika mchana kutwa, akakakamaa, akaenda kabla hawajamfikisha barabarani. Tulimzika kwenye mteremko. Msibani watu waliongea kwa sauti za chini kwamba kilima kile kina mwenyewe, na kwamba kuna mtu anatufanyia. Wakatajana. Jirani yangu alikaa kwenye mkeka, kichwa wazi, akaniambia, "Dada, ondoka na wako." Nikamuuliza niende wapi. Nilichota maji kwenye tenki lake nikamwosha uso.

Asubuhi moja binti yangu alianguka kwenye mlango wa jikoni. Nilisikia kishindo nikadhani ni ndoo. Nilimkuta macho yamegeuka, meno yamekaza, mwili unatikisika. Baba yake alikuwa Guta. Nilimbeba nikashuka naye kilima, nikianguka na kuinuka, nikipiga kelele kwa majina ya watu wote niliowajua. Kijana wa bodaboda akatubeba hadi hospitali, na hospitali ya Bunda ikatuandikia kwenda Musoma siku ileile.

Daktari wa Musoma alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Hakuwa na haraka. Alimfunua mtoto midomo akatazama ufizi, akamgongagonga magoti, akaniuliza nilichokuwa sijawahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Mama, huyu anakunywaga maji gani?"

"Ya mvua, daktari. Ya tenki letu. Ni maji safi."

"Karibu na kwenu kuna mtu anayechoma chochote? Dhahabu, betri, rangi?"

"Yuko fundi wa risasi za nyavu. Lakini yuko chini kabisa, sisi tuko juu kilimani."

Aliacha kuandika. "Tutamtoa damu," akasema. "Itapelekwa mbali. Itachukua muda. Hadi majibu yatakapotoka, mtoto asirudi huko. Umenielewa? Asirudi hata kulala."

Tukakaa Kigera kwa wifi yangu, yeye na watoto wake wakitupisha chumba. Mtoto alilala, akaamka, akadondosha vitu. Daktari alinipigia simu nikiwa uani naanika nguo zake. Alisema kwa upole kwamba damu ya mtoto ina risasi, tena nyingi, na kwamba twende tukaonane. Nilimpigia mume wangu.

"Wanasema ana risasi mwilini."

"Risasi?" Alipaza sauti. "Nani amempiga mwanangu? Mama watoto, nani amempiga?"

"Siyo hiyo. Ni ile ya nyavu."

Nilisikia watu wa mwaloni nyuma yake wakipigiana kelele za kuvuta mtumbwi. Kisha akasema taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, "Hajawahi kuzishika. Naziachaga Guta zote. Sijawahi kuleta hata kipande nyumbani."

Bwana afya wa wilaya ndiye aliyepanda kilimani na vichupa vyake. Alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, anayeongea kama anaomba radhi. Alichukua maji ya tenki, tope la chini ya tenki, vumbi la kwenye mifereji, majani ya matembele. Asubuhi ya ukungu akarudi tena, akatandaza nailoni kwenye nyasi akakusanya umande. Aliporudi na majibu tulikaa naye kwenye mawe ya msingi wa tenki, mume wangu, mimi, na jirani yangu aliyefiwa.

"Moshi wa tanuru," alisema, "una chembe ndogo za risasi ambazo macho hayaoni. Mchana, jua likiwaka, hewa inaupandisha na kuutawanya. Alfajiri hewa imetulia. Moshi unapanda kidogo tu, unakutana na ukungu. Sasa ukungu ni nini? Ni vitone vya maji. Kila kitone kinashika zile chembe. Halafu ukungu unakuja kugonga kilima, na kilima kina majani, kina miti, kina mabati, vyote vinauchuja. Unadondoka hapa. Wale wa chini moshi umewapita juu ya vichwa. Ninyi ndio mliokuwa mnaupokea."

"Na mvua?" mume wangu aliuliza.

"Mvua inaosha hewa, na inaosha bati. Yote yaliyokauka juu ya bati kiangazi kizima yanashuka na ile mvua ya kwanza. Ndiyo mliyoikinga." Akatazama chini. "Kule kwetu milimani asubuhi za baridi kunakuwa na sakitu, nyasi zinageuka nyeupe kama chumvi. Nayo inafanya hivyohivyo. Kinachotua mlimani ni kile kilichokuwa hewani. Hewa ikiwa safi kinatua safi. Ikiwa chafu..."

Jirani yangu alikuwa ameinuka, akaenda hadi mfereji wa bati letu, akaugusa kwa kidole, akakitazama kidole chake muda mrefu.

"Kwa hiyo siyo mtu aliyemroga mwanangu," akasema.

"Hapana, mama."

"Ilikuwa afadhali awe mtu," akasema, na akaondoka.

Nilimuuliza bwana afya yale maji yaliyobaki kwenye tenki tuyamwage wapi. Alifikiri, akafikiri. Tukiyamwaga kwenye mteremko yataingia kwenye bustani za wengine. Tukiyamwaga bondeni yatakwenda kwenye kijito wanakonywesha ng'ombe. Mwisho alisema, "Kwa sasa msiyaguse." Nadhani yako vilevile hadi leo, kwa maana nyumba haikupata mnunuzi na hatukuitafutia. Ungemwambia nini mnunuzi?

Mume wangu alishuka kwa mzee wa tanuru siku ileile, nami nikamfuata nyuma kwa kuhofia atakachofanya. Alikuwa amebeba chuma. Tulimkuta mzee amekaa kwenye benchi la karakana, na kabla mume wangu hajafungua mdomo mzee akasema, "Bwana afya ameshanieleza. Kaa, mwanangu, au nipige kwanza ndipo ukae."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimeiona ikitetemeka kwa miaka, nikadhani ni uzee.

"Mchana walinilalamikia," alisema. "Nikahamia alfajiri. Nilidhani nawasitiri watu. Wallahi, binti yangu, nilidhani nawasitiri." Alinigeukia mimi, siyo mume wangu. "Huyo mtoto nilimpokea kwa mikono hii."

Mume wangu aliweka chuma chini. Nilitamani angempiga. Nilitamani mtu mmoja angefanya kitu chenye kishindo, kitu cha kuonekana, kwa maana jambo lote lilikuwa limetupata bila sauti. Lakini alikaa kwenye benchi kando ya mzee, akainamisha kichwa, na wote wawili wakawa wanatazama tanuru lililozimwa.

Mzee hakuwasha tena. Kijana aliyekuwa akimsaidia alichukua vikalibu na kwenda navyo upande mwingine, kwenye vilima vya mbele zaidi ambako serikali haikuwa imefika na vichupa vyake. Nyavu hazizami bila uzito. Wavuvi walimfuata. Mume wangu naye, ilipofika kiangazi na wavu wake ukawa hauzami, alinunua kwa kijana yule. Aliniambia mwenyewe, akiwa amenipa mgongo. Tulikuwa tunakula kwa wavu ule.

Tulihamia Butiama, kwa wazazi wangu, Mwitongo. Baba alitugawia chumba na kipande cha shamba. Dawa ya kuvuta risasi mwilini haikuwepo Musoma. Daktari yule binti aliihangaikia, akapiga simu kwa watu aliosoma nao, na ilipopatikana ilikuwa kidogo na imechelewa. Hakunificha. Alisema dawa itasafisha damu, lakini kilichokwisha kuguswa kichwani hakirudi chote, na risasi nyingine imeshaingia kwenye mifupa, itakaa humo.

"Na mimi?" nilimuuliza. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. "Mimi ni mjamzito."

Aliweka kalamu chini. Nilimwona akitafuta namna ya kuniambia, kama bwana afya alivyotafuta namna juu ya yale mawe. Alinieleza kwamba mimba inachukua chokaa, yaani kalsiamu, kwenye mifupa ya mama ili kumjenga mtoto, na risasi iliyolala kwenye mifupa huamka na kwenda pamoja na chokaa. Nimekunywa maji yale tangu nilipoolewa. Nimeyapikia, nimeyaoga. Akaniandikia vidonge vya chokaa, akanisihi ninywe maziwa kila siku, niombe Mungu.

Miezi ile yote nilikuwa nautazama mwili wangu kama nyumba ya adui. Mama yangu alinikamulia maziwa kila asubuhi na kila jioni, akasimama hadi nimalize. Nilipohisi mtoto amecheza tumboni sikufurahi. Nilimwambia kimya kimya, chukua kidogo, usichukue mengi. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kuona umande kwenye nyasi za Mwitongo, umande wa kawaida tu, hakuna tanuru karibu, na nilikuwa nikizunguka nyuma ya nyumba ili miguu yangu isiuguse. Baba aliniona akaniuliza ninaogopa nini. Nikasema nyoka.

Nilijifungua mtoto wa kiume, mdogo sana, aliyechelewa kulia. Sasa anatambaa. Daktari anasema tusubiri. Ananitazama usoni anaponiambia hivyo, na mimi namtazama yeye, na kila mmoja anajua mwenzake hajui lolote.

Wiki iliyopita nilikwenda kule vilima vya mbele. Sikumuaga mume wangu. Nilipanda hadi nyumba ya kwanza yenye bati na tenki, nikabisha hodi. Mama mmoja alinikaribisha, mtoto wake amemshika khanga. Nilimweleza kila kitu, tangu moshi hadi ukungu, tangu umande hadi mifupa. Alisikiliza vizuri, kwa heshima. Nilipomaliza akauliza, "Sasa dada, tusipokunywa haya tutakunywa yapi?"

Bomba halikuwepo. Kisima kilikuwa chini kabisa, na maji yake ya chumvi hayazimi kiu. Mume wake ni mvuvi. Nilikaa pale mpaka jua likageuka, na yule mtoto akaja akakaa karibu yangu akaanza kunisimulia habari ndefu ya kuku wao aliyepotea, aliyetafutwa na watu wote, akapatikana chini ya kitanda ameatamia mayai. Aliisimulia bila kukosea neno hata moja. Nilimwomba anisimulie tena.